Kanzu ya Kumi na Tatu

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wenye adabu walimwita fundi, na wale waliokwisha kungojea suruali miezi miwili walimwita Fundi Kesho, tena mbele ya macho yake, naye aliitika bila kinyongo. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na sita, mrefu, bega la kushoto limeshuka kwa kuinamia cherehani, na kidole gumba chake cha kulia kilikuwa cheupe kwa chaki siku zote. Gumba hilo ndilo alilofutia tarehe. Kila kitambaa kilichoingia dukani alikiandikia kwa chaki siku ya kumalizika. Siku hiyo ikifika, alifuta akaandika nyingine, na vitambaa vingine vilifutwa mara nyingi hivi kwamba hata sabuni haikutoa lile doa.

Tusimwonee, hakuwa mvivu. Wavivu nawajua, na hakuna hata mmoja wao anayefungua duka kabla jua halijachomoza. Ugonjwa wake ulikuwa mwingine: aliogopa kumaliza. Nguo ikiwa nusu ni ya fundi, na kosa lolote laweza kurekebishwa. Ikishamalizika, mteja huivaa, husimama mbele ya kioo, hugeuka upande huu na upande ule, na fundi hana tena la kufanya ila kungoja hukumu. Shangazi yake, aliyemfundisha kazi kisha akamwachia kile chumba na cherehani mbili, alikuwa na mtindo wa kuifumua nguo ya mwanafunzi wake mbele ya wateja, mshono baada ya mshono, huku akicheka. Shangazi alikuwa ameshazikwa miaka ishirini na mitatu, lakini mpwa wake bado alikuwa akikikimbia kile kicheko.

Chumba chenyewe kilikuwa na mlango upande wa barabara na dirisha upande wa kichochoro. Ukuta mzima ulikuwa shelfu, na shelfu ilijaa nguo za nusunusu: koti lisilo na mikono, sketi isiyo na mkanda, shati la mtu aliyekwisha kuhama mji. Wateja hawakujisumbua kupita mlangoni. Walizunguka kichochoroni, wakaegemea dirisha na kuuliza, "Fundi, tayari?" Naye, bila kuinua kichwa wala kuacha kukanyaga, alijibu, "Bado kidogo, njoo kesho." Hakuhitaji kuwatazama. Mtu akiegemea dirisha, kivuli chake kilianguka juu ya kitambaa, na kivuli kikiondoka fundi alijua mteja amekubali yaishe.

Mbele ya cherehani ya pili aliketi mama mmoja mtu mzima aliyeshona vifungo na kupiga pasi. Watu walimwita Bibi Vifungo. Alikuwa kiziwi, si yule kiziwi wa kusikia akitaka, bali kiziwi hasa. Ukitaka kumwambia kitu ulimgusa bega, ukasimama mbele yake na kutamka polepole ausome mdomo wako. Ulikuwa mwaka wao wa kumi na moja wa kufanya kazi pamoja, na walipatana vizuri, kwa kuwa mmoja hakusikia lawama za wateja na mwingine alijifanya hazisikii.

Na mbele za Mungu fundi alikuwa vilevile. Kanisa lao lilibatiza watu wazima mara moja kwa mwaka, kwa kuwazamisha katika birika lililojengwa mbele ya mimbari. Fundi na mkewe walikuwa wamehudhuria darasa la ubatizo mara tatu, miaka mitatu mfululizo, na mara zote tatu, zikibaki siku chache, fundi alijitoa. Alikuwa na sababu moja tu. Alitaka kwanza aimalize shelfu, awape watu nguo zao, asiwe na deni la neno na mtu yeyote, ndipo aingie majini akiwa mtu safi. Mkewe, aliyefua mashuka hospitalini na kuimba sauti ya pili kanisani, alijitoa pamoja naye kila mara. Walikuwa wameoana kwa miaka thelathini, na hakutaka kuingia bila yeye.

Mwaka huu mwanamke hakumuuliza. Jumapili moja mchungaji alihubiri juu ya yule mtu aliyeandaa karamu, akawaita watu, nao mmoja baada ya mwingine wakaomba udhuru: huyu ana shamba, huyu ana ng'ombe, huyu ameoa. Walipokuwa wakirudi nyumbani, fundi alisema yule wa ng'ombe alimwelewa, ng'ombe wapya lazima wajaribiwe.

"Ungekuwepo, ungesema una suruali tatu," mkewe alisema.

Fundi akacheka. Mkewe hakucheka. Walipofika mlangoni, akamwambia kwamba ameandikisha jina lake, peke yake, na kwamba safari hii haliondoi.

Siku iliyofuata, Jumatatu, mchungaji alikuja dukani na jora la kitambaa cheupe na karatasi ya vipimo. Waliokuwa wabatizwe walikuwa kumi na wawili, mke wa fundi akiwemo. Zilitakiwa kanzu kumi na mbili, ndefu, rahisi, zifike kanisani Jumamosi jioni. Mchungaji alisema, "Fundi, nakuomba, hizi zisipigwe tarehe." Fundi akala kiapo. Akakata zote kumi na mbili jioni hiyohiyo, na jora likaisha, kikabaki kipande cha kutosha leso.

Jumanne saa nane mchana, saa ile kichochoro kinapokuwa kitupu na hata kuku wamejificha jua, mtu akauliza dirishani, "Fundi, tayari?"

"Bado kidogo, njoo kesho," akajibu, na kuendelea kushona.

Jumatano saa ileile akaulizwa tena, kwa sauti ileile. Ilikuwa ya mtu mzima asiye na haraka, wala huwezi kusema ni ya mwanamume au ya mwanamke. Fundi akajibu kama jana. Alikuwa ameshaumaliza mshono mzima wa ubavu ndipo mguu wake ukasimama juu ya kanyagio. Kitambaa kilichokuwa mbele yake kilikuwa cheupe, na kilikuwa kimebaki cheupe muda wote. Hakikuingiwa na giza hata kidogo. Sauti ilikuwa imetoka dirishani penyewe, karibu na sikio lake, na kivuli hakikuanguka.

Akainuka, akachungulia. Kichochoro kilikuwa kitupu mwanzo hadi mwisho. Jirani alikuwa amekifagia mchana huo, na mistari ya ufagio ilionekana bado mchangani, safi, bila alama ya mguu wa mtu. Fundi akasema moyoni kwamba ni joto. Akanywa maji, akarudi kwenye cherehani, lakini alikosea kutia uzi mara nne.

Alhamisi aligeuza kiti, akakaa akiliangalia dirisha. Saa nane ilipofika, mwanga uliendelea kumwagika ndani kama kawaida. Akaona ukuta wa jirani, akaona kamba ya nguo, akaona anga. Na katikati ya vitu hivyo vyote, mahali pasipo na mtu, akaulizwa, "Fundi, tayari?"

Alikuwa angali amekodoa macho pale Bibi Vifungo alipoinua kichwa kutoka kwenye shati lake.

"Mjibu basi, fundi," alisema kwa ile sauti yake ya juu isiyojisikia. "Si vizuri kumnyamazia."

Akamsogelea, akasimama mbele yake na kutamka polepole, "Unamsikia nani?"

"Huyo wa dirishani. Huyo ndiye ninayemsikia siku zote, mwingine simsikii." Bibi Vifungo alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Tangu mwaka nilioanza kazi hapa anakuja saa hii. Nilidhani ni mteja wako wa zamani. Wewe humwambia kesho, naye huenda. Nilikuwa nasema, huyu mtu ana subira."

Miaka kumi na mmoja. Fundi alikaa chini. Alijaribu kuhesabu ni mara ngapi ameijibu sauti ile huku akifikiria pindo au mfuko wa suruali, akashindwa. Wateja aliowafukuza kwa neno lile walikuwa wengi, na huyu alikuwa amejichanganya miongoni mwao bila yeye kujua. Aliona aibu kwanza, aibu ya mtu aliyemgeuzia mgeni mkubwa kisogo, kisha hofu ikaifuata. Hakumwambia mkewe. Angemwambiaje?

Ijumaa asubuhi alikunja kanzu na kuzihesabu. Zilikuwa kumi na tatu. Akazihesabu tena kwa kuziweka moja moja juu ya meza ya kukatia, akizigusa, zikawa kumi na tatu. Akachukua karatasi ya mchungaji, akaoanisha kila kanzu na mstari wake. Kanzu kumi na mbili zilipata wenyewe. Ya kumi na tatu ilibaki mezani, ndefu, ya kitambaa kilekile, na kile kipande cha leso kilikuwa bado kikapuni.

Akaitandaza, akachukua futi. Kifua chake kilikuwa kipana kiasi, mkono mmoja umezidi mwingine kwa nusu inchi, na bega la kushoto limekatwa chini ili nguo ikae sawa juu ya mtu aliyepinda. Fundi mwenyewe hakuwahi kupimwa tangu awe mtu mzima. Nguo zake mwenyewe alizishona kwa kukisia, na hazikumkaa vizuri hata siku moja, maana fundi gani hupoteza muda kujipima? Lakini aliyeishona hii alimjua kwa nusu inchi. Kilichomtia baridi zaidi ni mishono yenyewe. Kila fundi hufunga uzi kwa namna yake, na yeye huurudisha nyuma mara tatu kisha huuchoma kando, jambo ambalo hata shangazi hakulijua. Pindo lote lilikuwa limefungwa hivyo.

Akamgusa Bibi Vifungo bega, akamwonyesha. Nani ameshona hii?

"Si wewe? Uliishona jana alasiri. Nilikuona."

"Mimi?"

"Wewe. Ulikuwa ukiongea na mtu wako dirishani huku unashona. Hata ulikuwa unacheka." Akarudi kwenye pasi yake. "Sijawahi kuona ukishona kwa raha namna ile."

Fundi hakukumbuka jana alasiri. Alikumbuka kukaa chini, alikumbuka kufunga mlango jioni, na katikati hapakuwa na kitu. Hofu ikageuka hasira, kama inavyowageukia watu wengi. Nani amempa ruhusa ya kumpima? Akashika wembe, akaanza kuifumua kanzu kutoka kwenye pindo, na alikuwa amefika nusu ya mzunguko saa nane ilipogonga.

"Fundi, tayari?"

Safari hii sauti ilikuwa chini na karibu sana. Na fundi, Mungu amsamehe, akavuta muda. Hakusema kesho, neno hilo lilimshinda kulitamka. Alisema, kwa heshima zote, kwamba kuna suti ya bwana harusi ya kukabidhiwa Jumapili asubuhi, mtu anaoa siku hiyohiyo, na kwamba baada ya Jumapili atakuwa na nafasi. Aliyasema hayo akilitazama dirisha tupu. Wembe ulimteleza ukamkata kidogo kidole, akauweka chini, na kanzu akaisukumia kwenye shelfu pamoja na nguo nyingine za nusunusu.

Jumamosi aliacha kukanyaga ilipotimu saa nane kasoro dakika tano. Akaweka mikono juu ya magoti. Saa nane ikafika, ikapita. Aliinamisha kichwa upande wa dirisha na kuzuia pumzi. Akasikia bomba la jirani likidondosha maji, akasikia nzi. Saa nane na nusu alisogea akaegemea dirisha kwa ndani, pale wateja walipoegemea kwa nje. Saa tisa alimgusa Bibi Vifungo na kumuuliza kama amesikia kitu.

"Leo hajaja," alisema yule mama, na sauti yake ya juu ikashuka. "Ndiyo mara ya kwanza."

Alikuwa ameiogopa sauti siku tatu, lakini hofu ile haikuwa kitu mbele ya hii. Kimya kilijaa chumba kizima. Fundi aligundua kwamba miaka yote hiyo alikuwa akifanya kazi ndani ya kungojewa, akaizoea hali hiyo hadi asiione, na sasa imeondolewa. Alikaa mpaka jua likaondoka dirishani. Hata wateja wa kawaida hawakupita. Mkewe alipokuja kuchukua kanzu kumi na mbili za kupeleka kanisani, alimkuta amekaa mikono mitupu mbele ya cherehani iliyotiwa uzi.

Walipokuwa mezani nyumbani, fundi alimwomba mkewe amngoje. Aliomba kwa unyonge, bila hila. Ubatizo wa mwakani haukuwa mbali, alisema. Angemaliza shelfu, safari hii kweli, wangeingia wote wawili wameshikana mikono.

"Nimekungoja mara tatu, baba watoto," mkewe alisema. "Sasa naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Kwamba nitazoea."

Akainuka akaosha vyombo. Fundi hakuonja usingizi.

Jumapili asubuhi mkewe alitoka mapema. Ibada ilikuwa saa tatu, ubatizo mwishoni mwa ibada. Fundi akapiga hesabu kwamba atapita dukani kwanza, amalizie suti, bwana harusi aichukue, naye atawahi angalau kumwona mkewe akitoka majini. Mnajua hesabu za watu wa aina hii. Saa nne unusu alikuwa bado anahangaika na ukosi wa koti uliokataa kulala, na vifungo viwili havijashonwa, na Bibi Vifungo yuko kanisani.

Ghafla kitambaa kikaingia giza mbele yake.

"Fundi, tayari?"

Aliruka hata kiti kikaanguka. Dirishani palikuwa na kijana mwenye nywele zilizonyolewa upya, na kivuli chake kilikuwa kimeanguka sawasawa juu ya meza. Alikuwa bwana harusi tu, wa nyama na damu. Fundi alimtazama usoni, mteja wa kwanza aliyemtazama usoni kwa muda mrefu, akaona uso wa mtu anayeogopa kuchelewa mahali anapopendwa. Machozi yakamtoka palepale, mtu mzima yule.

"Haijaisha," alisema. "Ukosi umekaa vibaya. Vifungo viwili bado. Mpe mama yako avishone." Akaikunja suti na kuipitisha dirishani. Katika miaka yote ya kazi hakuwahi kumkabidhi mtu nguo yenye kosa analolijua. "Nisamehe, mwanangu. Na mimi naitwa."

"Nani anakuita?"

Fundi hakuwa na muda wa kueleza. Aliichomoa ile kanzu kwenye shelfu, pindo likining'inia nyuzi, akaivaa juu ya nguo za kazi, na mguu niponye. Mlango wa duka aliuacha wazi. Watu barabarani walimpisha, mtu mrefu mwenye kanzu nyeupe iliyofumuka, anakimbia na futi shingoni.

Alipoingia kanisani wimbo wa mwisho ulikuwa umeshaimbwa. Wale kumi na wawili walikuwa wamesimama mbele wamejifunika taulo. Mzee wa kanisa mwenye kushughulikia birika alikuwa ameshang'oa kizibo, na maji yalikuwa yakishuka kwa mkoromo mzito uliosikika mpaka mlangoni. Fundi hakusimama. Alipita katikati ya viti, akashuka ngazi za birika na viatu vyake, na maji yalimfika magotini.

"Mchungaji," alisema, "nimekuja."

Mzee wa kanisa alisema jina lake halipo kwenye orodha. Alisema ibada imefungwa, aje kwenye darasa la mwakani. Aliyasema kwa upole, na hakuwa na kosa. Mchungaji alimtazama fundi, akatazama maji, yaliyokuwa yameshuka chini ya magoti na kuacha mstari wa unyevu kwenye vigae.

"Maji hayasomi orodha," mchungaji alisema, na akaanza kuteremka. "Kizibo kiko wapi?"

Mzee wa kanisa akapapasa mifuko. Akatazama chini ya benchi. Watu wa mbele wakainama kutafuta, na maji yakafika kwenye vifundo vya miguu. Fundi alikuwa ameshalala chali juu ya vigae, macho wazi, na maji hayakumfunika hata masikio. Mchungaji alipiga magoti kando yake na kuanza kuchota kwa viganja, na kila alichochota kilikimbilia tunduni. Fundi aliusikia ule mkoromo kupitia mgongo wake, ukipanda sauti kadiri maji yalivyopungua, na kwa mara ya kwanza maishani akataka kitu kimalizwe sasa hivi, hivyohivyo, kwa makosa yake yote. Alitaka kumwambia mchungaji asikome, lakini meno yalikuwa yakigongana.

Ndipo mkewe akatupa taulo. Akashuka ngazi na kanzu yake mbichi, akampita mchungaji, akaikusanya kanzu chini yake na kukaa juu ya tundu kwa uzito wake wote. Mkoromo ukakatika. Mawimbi madogo yakarudi kutoka kwenye pembe, yakakutana, yakatulia, na maji yaliyobaki, kina cha vidole vinne labda, yakasimama ubavuni mwa mumewe.

Mwanamke alikuwa amejishika kwa mikono miwili kwenye ukingo wa ngazi, akitetemeka kwa baridi.

"Fanya haraka, mchungaji," alisema. "Linanivuta."

Mchungaji akaweka kiganja juu ya paji la uso wa fundi, akamsukuma chini.